Figo la Kushoto

Jumanne, 8 Aprili

Nimerudia kuandika. Kule Uarabuni, tajiri wangu aliponichukulia simu, kuandika ndiko kulikonituliza, na tangu nirudi nyumbani Mishomoroni sijashika kalamu, maana watu wa kusema nao ni tele. Leo sina wa kumwambia. Mama akijua ninavyoogopa hatakula.

Tumbo laniuma tangu Ramadhani, chini upande wa kulia, jirani na kovu langu la kidole tumbo. Nilisema ni kiu ya saumu. Idd ikapita, maumivu hayakupita, na mkojo ukaanza kuja na damu. Leo nikaenda kupigwa picha kwenye zahanati moja ya barabara ya Malindi. Kijana wa mashine akapitisha kidude chake cha baridi upande wa kulia, akasimama, akasema, "Jiwe hili hapa, dada. Kubwa." Kisha akaenda kushoto. Akarudi. Akaenda tena. Akanilaza ubavu, akanilaza kifudifudi.

"Ushawahi kupasuliwa?"

Nikamwambia ndiyo, mwaka juzi, kule kazini, kidole tumbo.

"Una hakika ni kidole tumbo walichotoa?"

Nikamuuliza ana maana gani. Alimwita mwenzake, wakatazama wote wawili, na mwenzake ndiye aliyesema. "Figo la kushoto hatulioni. Hapa pako patupu."

Nilitoka nje nikasimama karibu na muuza viazi vya karai, nikashindwa kukumbuka njia ya kurudi nyumbani niliyopita maisha yangu yote.

Jumatano, 9 Aprili

Nimewaambia. Mama alikaa chini kwenye sakafu, hakutafuta hata mkeka. Rashad, ndugu yangu mdogo, alikuwa ametoka kazini kwenye bohari za makontena Changamwe, hajavua hata viatu. Akaisoma karatasi ya zahanati, akaisoma tena.

"Wamekufungua wakachukua," akasema. "Wakakwambia kidole tumbo."

"Hatujui, Rashad."

"Figo huenda wapi, dada? Huenda sokoni?" Akaanza kulia, mwanamume mzima, na mimi nikalia kwa kumwona yeye. Kisha akauliza neno ambalo jibu lake sote twalijua: nani aliyekupeleka?

Bi Kafedha. Nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwenye duka la madera na manukato. Ndiye aliyenitafutia ile kazi, na si mimi peke yangu.

Ijumaa, 11 Aprili

Baada ya swala ya Ijumaa Rashad alikwenda kusimama barazani kwa Bi Kafedha na vijana wenzake. Mimi nilibaki ndani, lakini nilisikia yote. "Toka utwambie umeuza figo la dadangu kwa nani!" Rashad akapiga kelele huku akilia. Bi Kafedha akatoka. Sauti yake haikupanda. Alisema hajui habari hiyo, wallahi hajui. Mtu akatupa jiwe, kioo cha duka kikavunjika.

Rashad alikuwa akirekodi. Jioni watu wakawa wanaitazama kwenye simu zao nje ya mlango wetu, namsikia ndugu yangu analia tena na tena, kila simu kwa wakati wake.

Nilifurahi. Naandika ukweli: kioo kilipovunjika, nilifurahi.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua ya kwanza ya masika. Maumivu usiku kucha.

Alhamisi, 17 Aprili

Nasreen, binti yangu, ameniuliza: "Mama, figo likiibiwa laota tena?" Ameambiwa na wenzake. Nikamwambia mtu aweza kuishi na moja. "Na lile moja ndilo lenye jiwe?" Ana miaka tisa. Nikamwambia akaoshe vyombo.

Jumanne, 22 Aprili

Tumekwenda kwenye hospitali ya binafsi. Daktari alitazama ile karatasi ya zahanati, akanibonyeza ubavuni, akasema ni kazi ya kila siku. Atatoboa tundu dogo mgongoni, alivunje jiwe, aniruhusu nyumbani baada ya siku mbili. Mama akashukuru mpaka akamshika mikono. Nimepewa nafasi wiki ijayo.

Agneta, muuguzi anayepanga chumba chetu cha uani, alikuwa akianua nguo tuliporudi, mvua imeanza. Yeye hufanya kazi chumba cha upasuaji cha hospitali kubwa kule mjini. Nikamweleza. Akasimama na nguo begani, zikilowa.

"Mama Nasreen, mimi si daktari," akasema. "Lakini kwetu daktari wa mafigo hamgusi mtu mwenye moja kabla ya kuwa na picha kamili. Nenda kwanza umwone Daktari Musyoka. Akisema utobolewe, utatobolewa."

Mama hakupenda. Rashad naye akasema hospitali ya binafsi ni ya haraka, na ukingoja utakufa foleni. Sijui nimsikilize nani. Kila mmoja wao anitakia mema, na mgongo ni wangu.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimemwona Daktari Musyoka. Mfupi, sauti ndogo, Mkamba wa Machakos aliyekaa Pwani mpaka akaanza kusema "yakhe" vibaya. Alinisikiliza habari ya Uarabuni yote bila kunikatiza. Kisha akaomba kuona kovu.

"Hili liko kulia," akasema.

"Ndiyo."

"Na figo lisiloonekana ni la kushoto."

Sote tumeliona kovu hilo kila siku, na hapana aliyeuliza.

Akaishika karatasi ya zahanati. "Hii yasema figo halikuonekana. Haisemi halipo. Mimi pia sijui liko wapi, na sitii sindano mahali nisipopajua." Akaniandikia sitiskani, ile picha ya mashine kubwa, yenye dawa ya kuonyesha mishipa ya damu. Mashine iliharibika wiki jana, huenda ikawa tayari wiki ijayo. Akanipa dawa za maambukizo, na akanionya: nikipata homa na kutetemeka nisingoje kupambazuke.

Njiani Mama aliniuliza kama Wakamba nao huwa madaktari wa mafigo. Kwa mara ya kwanza mwezi huu nilicheka.

Jumatano, 30 Aprili

Hospitali ya binafsi wamepiga simu: mbona sikuja? Nikasema sijawa tayari. Rashad akaondoka mezani.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua. Uchochoro umekuwa mto. Bi Kafedha amefunga duka na kuhamia Likoni kwa dadake. Alitoka akiwa na kasha moja na mifuko, hapana aliyemsaidia kubeba. Nilikuwa dirishani. Kovu liko kulia. Nilitaka kufungua mdomo, lakini ningesema nini? Kwamba labda? Pengine walinifungua kulia wakapita mpaka kushoto. Mtu ambaye si daktari atajuaje?

Alhamisi, 8 Mei

Sitiskani imefanywa. Dawa ilipoingia mshipani nilihisi moto kote mwilini, hata nikadhani nimejikojolea. Majibu Jumatatu.

Jumatatu, 12 Mei

Niandike polepole nisikosee.

Daktari Musyoka aligeuza kompyuta ili nami nione. Mama alikuwa kando yangu. Picha ilikuwa ya kijivu, na mishipa ya damu myeupe kama mizizi. Akaweka kalamu juu ya kioo.

"Figo la kulia, hili. Liko mahali pake, limeshuka kidogo. Sasa angalia chini yake. Hili lililoshikana nalo, unaliona? Hilo ndilo la kushoto."

Sikuelewa. Akarudia. Nilipokuwa tumboni mwa mama, figo la kushoto lilivuka likaenda upande wa kulia, likakaa chini ya mwenzake, yakaungana. Mrija wake wa mkojo warudi mpaka kushoto kama ilivyotakiwa. Nilizaliwa hivyo. Wengi wenye hali hiyo huishi mpaka wakafa bila kujua. Jiwe limekaa kwenye hilo la kushoto, kwa sababu limepinda na mkojo hautiririki vizuri.

"Kwa hiyo sikuibiwa?"

"Hakuna aliyekuibia chochote, ila kidole tumbo chako, na hicho kilikuwa kimeoza."

Mama akaanza kulia. Nilidhani ni furaha. "Ni mimi," akasema. "Ni mimi niliyekuzaa hivyo." Daktari akamwambia hapana alichokula wala alichofanya kilicholeta hali hiyo, lakini Mama hakumsikia. Ikabidi nimshike mabega.

Kisha nikauliza ingekuwaje kama ningetobolewa mgongoni ile wiki. Daktari akafikiri kwanza. Akanionyesha mshipa mnene uliopita nyuma ya jiwe, pale pale ambapo kwa mtu mwingine hakuna kitu. Na utumbo ulivyojipenyeza. "Kwa mtu wa kawaida najua mshipa uko wapi. Kwako hutoka popote unapotaka. Pengine wangeukosa. Pengine wasingeukosa." Yeye hatatoboa. Ataingia kwa njia ya mkojo yenyewe, na kamera nyembamba inayojikunja, na mwale wa leza wa kuvunja jiwe vipande. Ni kazi ndefu kuliko tundu la mgongoni, huenda ikahitaji mara mbili, lakini haikati chochote.

Sikuibiwa. Nimeliandika ili nilione. Sikuibiwa, na mwanamke mmoja amehama nyumba yake.

Jumatatu hiyo hiyo, jioni

Nimemwambia Rashad. Alisikiliza amesimama. Akasema, "Hao madaktari wanajuana. Wanamlinda mtu."

"Nimeiona kwa macho yangu."

"Umeona kijivu, dada. Wewe wajua kusoma kijivu?"

Nikamwomba aondoe ile video. Akasema imeshatazamwa na watu wa nchi nzima, kuna kituo cha mtandaoni kimemhoji, na mama wa wasichana wengine wanampigia simu. "Sasa nitoke niseme nini? Kwamba nilimlilia dadangu barabarani kwa uongo?" Kisha sauti ikashuka. "Nililia kweli. Wajua nililia kweli."

Najua. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua, mvua, mvua. Nguo hazikauki. Mkojo unatoka kidogo tu.

Alhamisi, 22 Mei

Naandikia hospitalini, mkono una dripu, herufi zanikimbia.

Juzi mchana nilikuwa nachagua mchele nikaanza kutetemeka. Kwanza meno, kisha mwili mzima, hata sinia ikaniponyoka. Mama akaniwekea blanketi, akaongeza la pili, nami bado nasikia baridi. Kisha nikawaka moto. Nikakumbuka maneno ya daktari, lakini ulimi ulikuwa mzito. Agneta alikuwa zamu. Mama akampigia Rashad.

Sijui alifikaje kutoka Changamwe katika mvua ile. Tuktuk ilikataa kuingia uchochoroni, maji yalikuwa yafika magotini. Rashad akanibeba mgongoni, mimi mtu mzima, akipasua maji mpaka barabarani ilikosimama tuktuk, huku akinisemesha: "Usilale, dada. Nitajie majina ya walimu wako wa madrasa. Haya, wa kwanza nani?" Nikamtajia. Nilipokosa, akanikemea. Kwenye daraja la Nyali magari yalikuwa yamesimama. Akashuka kwenye mvua akawa anagonga vioo vya magari moja moja wayasogeze. Nilimwona kupitia pazia la tuktuk, amelowa, anapiga makelele, na watu wakasogea.

Daktari Musyoka alisema jiwe limeziba mrija, na mkojo nyuma yake umegeuka usaha. Kama mafigo yangu yangekuwa mbalimbali, moja lingemsaidia mwenzake. Yangu yameungana, moja likioza laweza kuliharibu la pili. Nikafikiri sasa atalivunja jiwe. Akakataa. Alitia kimrija chembamba cha plastiki tu, kikapita kando ya jiwe, usaha utoke. Rashad akamuuliza mbona usimalize kazi ukiwa umeshaingia? Akamjibu, "Nikilivunja leo, nasambaza uchafu wote kwenye damu yake. Nitakuletea dada maiti mwenye figo safi."

Leo asubuhi homa imeshuka. Daktari akamwita Rashad kwenye kompyuta, bila mimi kumwomba. Nilimwona kwa mbali anainama, anaonyeshwa. Alikaa huko muda. Aliporudi kitandani akasema neno moja tu: "Naona."

Jumapili, 25 Mei

Nimeruhusiwa kwenda nyumbani. Kimrija kinachoma kila niendapo haja. Nilikwenda mara nyingi hata Nasreen akawa ananisindikiza kwa kunifungulia mlango kabla sijamwomba.

Rashad ameona, lakini video ipo pale pale. Nimeitafuta leo. Watu bado wanaandika chini yake. Mmoja amesema Bi Kafedha achomwe.

Ijumaa, 30 Mei

Upasuaji ni Jumatano, tarehe kumi na moja, baada ya Idd. Kama dawa ya usingizi itanikubali. Kama kamera itafika. Kama mkojo utakuwa safi. Kila kitu ni kama.

Jumatano, 4 Juni

Sikulala kwa kufikiri: nikifa mezani, nitakufa nikiwa yule msichana aliyeibiwa figo, na Bi Kafedha atabaki mwizi milele, maana nani atamwamini mwingine asemapo ukweli? Nikamwambia Mama nakwenda Likoni. Akasema, "Na huo mrija?" Nikamwambia utakwenda nami. Akavaa buibui lake tukatoka wote.

Kivukoni watu walikuwa wengi, mbuzi wa Idd miongoni mwetu. Bi Kafedha anakaa kwa dadake Mtongwe, nyumba ya udongo yenye mabati mapya. Tulimkuta jikoni anakuna nazi. Alituona, akaendelea kukuna.

"Shikamoo, Bi Kafedha."

"Marahaba." Akamtazama Mama. "Mishi, keti. Mwanao hawezi, asisimame."

Tukaketi. Nikamweleza yote: sitiskani, figo lililovuka, jiwe. Alikuwa amekonda. Nilipomaliza akapangusa mikono kwenye leso.

"Mimi nalijua," akasema.

"Ulijua figo limevuka?"

"Nalijua sikuuza figo la mtu. Wewe ndiwe uliyekuwa hujui."

Nikamwambia niwie radhi. Mama naye akasema vivyo hivyo, akilia.

"Niwawie radhi hapa jikoni?" Bi Kafedha akauliza. Hakukasirika, alikuwa kama mtu anayeuliza bei. "Waliponitukana walisimama barazani kwangu, mtaa mzima wasikia. Mwatakaje mimi nisafishwe hapa, mbele ya nazi?"

Lakini kulikuwa na jambo jingine ndani yangu, na nikaona nikilimeza nitakuwa nimemdanganya tena, kwa njia nyingine.

"Bi Kafedha. Niliponyimwa chakula kule, kabla hawajanichukulia simu, nilikupigia. Nilikupigia kutwa nzima."

Dadake alikuwa uani anaita kuku. Tulimsikia mpaka akamaliza.

"Hilo langu," akasema. "Hilo sikatai. Niliogopa tajiri asije akanidai pesa zake. Niliiona simu, nikaigeuza uso chini." Akachukua tena kifuu cha nazi. "Liseme. Nalo liseme kwa sauti. Lakini usilichanganye na lile jingine, kwa sababu watu wakichanganyiwa hula lile tamu zaidi."

Alitupa uji wa mchele. Hakutusindikiza.

Jumamosi, 7 Juni

Idd. Nyama sikuila, daktari amenipunguzia. Nimempaka Nasreen hina. Mkono wake mdogo ulitulia mkononi mwangu, nami nikachora maua mapana.

Jumanne, 10 Juni

Nimelazwa kwa kesho. Mwanamke wa kitanda cha pili anatolewa jiwe pia, figo zake za kawaida, anacheka na simu. Namwonea wivu.

Daktari Musyoka alipita jioni. Aliketi ukingoni mwa kitanda. "Nataka ujue mapema," akasema. "Nikiona vibaya nitasimama. Utaamka na jiwe bado lipo. Usidhani nimeshindwa."

Nikamuuliza kama huwa anaogopa. Akasema mtu wa mwisho mwenye figo kama langu alimfanyia kazi miaka mitatu iliyopita, na jana usiku alirudia kutazama picha zangu mpaka mkewe akamwambia azime taa. Sijui kwa nini jambo hilo lilinituliza. Ningeogopa zaidi kama asingeogopa.

Rashad amekuja. Akasema, "Ukitoka salama nitakushikia simu, useme unachotaka."

"Na nisipotoka salama?"

"Basi nitasema mwenyewe." Akaondoka haraka.

Ijumaa, 13 Juni

Nipo hai.

Nakumbuka taa, na Agneta amevaa kofia ya kijani, ananishika kidole gumba. "Mama Nasreen, ni mimi, niko hapa." Kisha Agneta huyo huyo ananiita, na koo limekauka, na chini panawaka.

Nikauliza jiwe. Agneta akasema daktari atakuja. Nilijua.

Alikuja macho mekundu. Kamera ilipita vizuri, akasema, mpaka kwenye kona ambapo mrija wavuka katikati ya tumbo. Hapo akahangaika muda. Akafika, akalivunja jiwe zaidi ya nusu. Kisha damu kidogo ikatoka, si nyingi, lakini ikamchafulia macho. "Nilikuwa naweza kuendelea kwa kubahatisha," akasema. "Nikasimama."

Nilimshukuru kwa mdomo. Alipoondoka niligeukia ukutani nikalia kwa hasira. Yule wa kitanda cha pili alikuwa ameshakwenda nyumbani.

Jumatatu, 16 Juni

Hasira imepungua. Mkojo hauna damu. Nafikiria ule mshipa mnene kwenye picha, na mtu aliyechoka anayeamua kutoa mkono.

Jumamosi, 21 Juni

Mvua zinaisha. Vipande vidogo vinatoka kwenye mkojo, kama mchanga. Nasreen ataka kuviona. Mama asema ni uchafu, kisha naye akaja kuchungulia.

Jumatano, 2 Julai

Mara ya pili. Wananiita sasa hivi.

Alhamisi, 3 Julai

Limekwisha. Daktari Musyoka amesema mafigo yote mawili ni safi, akacheka mwenyewe kwa kusema "yote mawili". Kimrija kitatolewa baada ya wiki mbili. Ninywe maji mengi maisha yangu yote, na kila daktari nitakayekutana naye nimwambie kwanza jinsi nilivyoumbwa kabla hajanigusa.

Mama alipoambiwa alisujudu pale pale kwenye korido, watu wakimpita.

Jumapili, 13 Julai

Jana baada ya laasiri nilikwenda kusimama barazani kwa Bi Kafedha, mbele ya duka lililofungwa kwa mbao. Sikumwita mtu, lakini Rashad aliposhika simu tu watu wakaanza kukusanyika. Rashad akauliza, "Uko tayari?" Sauti yake ilikuwa mbaya kuliko yangu.

Nikasema mimi ni Mwanamkasi binti Mishi, ambaye mlimsikia ameibiwa figo. Sikuibiwa. Nikaeleza lilivyovuka, nikaonyesha picha niliyopewa. Nikasema Bi Kafedha tulimdhulumu, mimi, ndugu yangu na mtaa huu, na kioo hiki kilivunjwa bure. Kisha nikasema, na hili nalo ni kweli: nilipokuwa na shida ugenini nilimpigia simu, akaiona, hakuipokea. Hilo mwenyewe amelikubali. Ni mambo mawili, msiyafanye moja.

Mzee mmoja akasema, "Umelipwa kiasi gani?" Wengine wakacheka. Rashad hakushusha simu. Akaigeuza ikamtazama yeye mwenyewe. "Mimi ndiye Rashad wa ile video ya kwanza," akasema. "Nilikosea. Naifuta leo." Akashindwa kuendelea, akazima.

Mpaka asubuhi hii waliotazama ni wachache mno. Wengi walioandika wanasema tumerogwa.

Jumatano, 16 Julai

Kimrija kimetoka. Rashad hakwenda kazini. Ameondoka alfajiri na hakusema aendako.

Jumatano hiyo hiyo, magharibi

Alikwenda Likoni. Amerudi kwa tuktuk na Bi Kafedha, kasha na mifuko yake. Bi Kafedha akashuka bila kututazama. Akafungua kufuli, akaingia, tukaanza kusikia ufagio. Vumbi la miezi likawa linatoka mlangoni. Majirani walichungulia, kila mtu kutoka kwake, hapana aliyetoka.

Mama akasema niende nikamsaidie. Nikasema sitakwenda mpaka aniite. Nyumba yake tumeshaiingilia vya kutosha. Nikakaa kwenye kizingiti chetu. Ufagio ukakoma. Ukaanza tena. Ukakoma.

"Mwanamkasi!"

"Abee!"

"Njoo uniinulie kasha hili." Akachungulia mlangoni. "Hebu ngoja. Wewe umetoka hospitali, usiinue kitu. Mwite nduguyo."

Nikamwita Rashad.